KOMPYUTA IKIKUPA DAWA, IULIZE: KWA NINI?

(Yafuatayo ni maandishi ya mazungumzo yaliyotolewa na mmoja wa waandishi wetu mbele ya vijana wa tawi moja la chama jijini Dar es Salaam. Tumeyachapa karibu yote, pamoja na vijembe vyake. – Mhariri)



Nilipoombwa nizungumze juu ya kompyuta na matibabu, wapo wenzangu ndani ya chama walionicheka waziwazi. Wakasema, watu wanalala wawili kitanda kimoja, wewe unakwenda kuwahubiria habari za mashine zinazoongea? Hizo si anasa za vigogo? Nikawajibu kwamba walalahoi hao hao wasio na kitanda wana simu mfukoni, na simu hiyo siku hizi imejipa udaktari bila kuapishwa. Kama sisi tunaojiita watetezi wa makabwela hatulizungumzi jambo hili, watalizungumza wauzaji wa mashine peke yao, na mnajua muuzaji anavyosifia maembe yake.

Kwa hiyo nivumilieni. Sitazungumza kitaalamu, maana mimi si mtaalamu. Mimi ni mtu wa kuuliza maswali, na kazi hiyo imenifikisha pabaya mara kadhaa.

KIJANA, CHOO NA SIMU

Nianze na jambo litakalowafanya baadhi yenu muiname mjifanye mnafunga kamba za viatu. Kijana anaamka asubuhi, anakwenda haja ndogo, anasikia moto. Anatazama, usaha. Anajua kabisa ametoka wapi juzi. Je, anakwenda zahanati? Thubutu! Nesi wa zahanati ni jirani yake, na tena ataambiwa arudi na mwenzake. Basi anajifungia chooni na simu, anaandika: "Natoka usaha, ninywe dawa gani?"

Simu inamjibu hapo hapo, kwa Kiswahili fasaha na kwa upole ambao hajawahi kuupata kwenye dirisha lolote la umma. Inampa pole. Inamweleza. Pengine inamtajia na dawa. Kijana anakwenda duka la dawa, ananunua vidonge vinne kwa sababu hela imeishia hapo, anameza, moto unapungua, anarudi kijiweni.

Sasa sikilizeni. Ciprofloxacin, dawa ambayo kaka zenu waliitegemea kwa kisonono miaka ya 1990, leo haiaminiki kwa ugonjwa huo. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo ambao haupendekezi tena dawa za kundi lile, kwa sababu vijidudu vya kisonono vimezizoea sehemu nyingi za dunia. Lakini hizi kompyuta zinazoongea zimefunzwa kwa kusomeshwa maandishi mengi mno, ya zamani na ya sasa, ya madaktari na ya wababaishaji. Jibu uliloletewa limetoka kwenye mwongozo mpya au kwenye porojo za mwaka 1995? Kwa kulitazama tu huwezi kujua. Yote mawili yanaandikwa kwa upole ule ule.

Njia mojawapo ya kujua ni kuiuliza: kwa nini dawa hii na si ile? Umelitoa wapi? Na hapo ndipo mambo yanapoanza kuwa magumu, kwani zipo mashine zinazoweza kutoa sababu ya kweli, zipo zisizoweza kutoa sababu yoyote, na zipo, hizi ndizo za kuogopwa, zinazotoa sababu nzuri ambayo siyo sababu.

MASHINE ILIYOKUBALI KUULIZWA

Msidhani jambo hili limeanza jana. Miaka ya mwanzo ya 1970, katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, kijana mmoja aliyekuwa bado anasomea udaktari, jina lake Edward Shortliffe, alianza kutengeneza programu ya kompyuta ya kuwashauri madaktari. Alikuwa na wakubwa zake, Bruce Buchanan wa upande wa kompyuta na Stanley Cohen, daktari aliyebobea katika mambo ya dawa. Kilichowasumbua ni kile kile kinachotusumbua sisi. Antibaotiki zilikuwa zikiandikwa ovyo, na huko Marekani kwenyewe msifikiri ni mbinguni. Programu ikaitwa MYCIN, jina lililotokana na mkia wa majina ya dawa nyingi za namna hiyo.

Ndani yake mlikuwa na kanuni mia kadhaa, kila moja imeandikwa kwa mtindo wa "ikiwa hivi na hivi, basi pengine hivi". Kanuni hizo zilitoka kwa madaktari bingwa walioketi na kuulizwa: wewe unaamuaje? Mashine ilikuwa inazungumza na daktari kwa maandishi. Inauliza umri wa mgonjwa. Inauliza damu imechukuliwa sehemu gani ya mwili. Inauliza kijidudu kilichoonekana kwenye darubini kina umbo gani, la duara au la fimbo. Mwisho inasema: nadhani ni vijidudu fulani, mpe dawa fulani, kipimo kiasi fulani.

Lakini utamu wake haukuwa hapo. Utamu ni kwamba katikati ya mazungumzo daktari aliweza kuandika neno moja: kwa nini? Yaani, kwa nini unaniuliza swali hili? Na mashine ilikuwa inajibu: nauliza kwa sababu najaribu kujua jambo fulani, na kanuni namba fulani inasema hivi, sehemu hizi za kanuni nimekwisha kuzihakikisha, imebaki hii. Ukiandika tena kwa nini, inapanda ngazi moja juu na kukuonyesha lengo kubwa zaidi. Mwisho wa yote ungeweza kuuliza: umefikaje hapo? Ikakutolea kanuni zote ilizozitumia, moja baada ya nyingine.

Muone tofauti na ndugu zetu wa madirishani. Mimi nimewahi kupanga foleni katika hospitali moja, sitaitaja, kuanzia alfajiri mpaka saa nane mchana. Daktari akaniuliza maneno matatu, akaandika kwa mwandiko wa kuku, nikamwuliza, "Daktari, naumwa nini?" Akanijibu, "Nenda dirisha la dawa." Basi. Mashine ya mwaka 1975 ilikuwa na adabu kuliko ile.

Na ilifanya kazi? Ilifanya. Mwaka 1979 jarida la chama cha madaktari wa Marekani lilichapisha jaribio. Wagonjwa 10 wa homa ya uti wa mgongo, mapendekezo ya matibabu kutoka kwa MYCIN na kutoka kwa madaktari mbalimbali wa Stanford, wakiwemo mabingwa watano, yote yakapelekwa kwa wasahihishaji 8 ambao hawakuambiwa lipi ni la nani. Mapendekezo ya mashine yalikubaliwa kwa asilimia 65. Ya wale mabingwa watano yalikuwa kati ya asilimia 42.5 na 62.5. Kompyuta iliwapiku mabingwa, miaka ambayo baba zenu wengi hawajaona hata televisheni.

Pamoja na hayo haikupata kutumika wodini kwa kazi ya kila siku. Kuilisha habari za mgonjwa mmoja kulichukua muda mrefu, kompyuta zilikuwa masandarusi makubwa yaliyofungiwa mbali na wodi, na hakuna aliyejua nani ashtakiwe mgonjwa akifa. Swali hilo la mwisho halijapata jibu mpaka leo, nami nitalirudia. Ila mwaka 1981 Shortliffe na mwenzake Randy Teach waliwauliza madaktari: mnataka nini kwenye mashine ya ushauri? Ungetegemea waseme, isikosee kamwe. Hawakusema hivyo. Walichokiweka juu kabisa ni kwamba iweze kueleza sababu za ushauri wake. Kutokukosea walikuweka chini sana. Watu wazima wale walijua kwamba kila mshauri hukosea, ila anayeeleza sababu unaweza kumkamata kabla hajakuingiza shimoni.

PUMU ILIYOGEUKA KINGA

Kisa hiki nakipenda kuliko vyote, nami nitakisimulia polepole.

Katikati ya miaka ya 1990, huko huko Marekani, watafiti waliamua kuitumia kompyuta kwa wagonjwa wa nimonia. Safari hii hawakuiandikia kanuni. Waliilisha kumbukumbu za maelfu ya wagonjwa, nani alikuwa na hali gani, nani alikufa, nani alipona, wakaiambia: jifunze mwenyewe. Lengo lilikuwa zuri. Mgonjwa mwenye hatari ndogo apewe dawa akatibiwe nyumbani, mwenye hatari kubwa alazwe.

Zikashindanishwa mashine za aina mbalimbali. Iliyoshinda kwa usahihi ilikuwa ya mtindo wa kuiga mishipa ya ubongo, hodari lakini bubu. Ukiiuliza kwa nini, ndani unakuta tarakimu tupu. Nyingine haikuwa hodari kama ile, lakini ilikuwa inaandika kanuni zake zikasomeka. Watu wakazisoma. Wakakuta kanuni moja inasema: mgonjwa wa nimonia ambaye pia ana pumu, hatari yake ya kufa ni ndogo.

Hebu fikirini. Mtu hawezi kupumua kwa sababu ya pumu, mapafu yake yamejaa nimonia juu yake, halafu unaambiwa huyo ni nafuu, mrudishe nyumbani! Hata mganga wa kienyeji asingethubutu.

Je, mashine ilisema uongo? Haikusema uongo. Kumbukumbu ndivyo zilivyoonyesha. Wenye pumu walikufa wachache zaidi. Lakini kwa nini? Kwa sababu mwenye pumu akiingia hospitali na nimonia, madaktari walishtuka wakamkimbiza moja kwa moja chumba cha wagonjwa mahututi, akahudumiwa usiku na mchana. Ndiyo maana alipona. Mashine iliona kupona, haikuona mbio zile. Kama wangeifuata, wangemnyima mwenye pumu ile ile huduma iliyokuwa inamwokoa.

Rich Caruana, mmoja wa watafiti wale, amekisimulia kisa hicho mara nyingi, na mwaka 2015 yeye na wenzake walikiandika upya. Uamuzi wao ulikuwa kuiweka kando mashine ile hodari. Walijua nayo imejifunza hilo la pumu kutoka kumbukumbu zile zile, na hilo wangeweza kulirekebisha. Kilichowatisha ni mengine ambayo imeyajifunza na hawayaoni. Kosa la pumu lilionekana kwa sababu tu mashine ya pili, ile dhaifu, ilisomeka.

Vijana, mtu akija hapa na kuwaambia "mashine yetu ina usahihi wa asilimia tisini na kitu", kumbukeni pumu.

Na si ugonjwa tu, hata umaskini unaweza kusomwa vibaya. Mwaka 2019 katika jarida la Science, Ziad Obermeyer na wenzake walichunguza mfumo uliokuwa ukitumika Marekani kuchagua wagonjwa wa kupewa uangalizi wa ziada. Mfumo ule haukulishwa rangi ya mtu. Walioutengeneza walitaka kupima ugonjwa, lakini wakapima gharama: aliyetumiwa fedha nyingi za matibabu ndiye mgonjwa zaidi. Hapo mnajua wenyewe. Mnyonge hatumiwi fedha nyingi hospitalini, na si kwamba ni mzima. Watu weusi, wakiwa na ugonjwa ule ule, walikuwa wametumiwa fedha kidogo kuliko weupe, kwa hiyo mashine ikawaona wazima. Watafiti walikadiria kwamba upotofu huo ukiondolewa, weusi miongoni mwa wanaopewa uangalizi wangepanda kutoka asilimia 17.7 mpaka 46.5. Bunge letu lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Siku kompyuta itakapoanza kusaidia kuamua nani apewe nini, swali la kwanza la kuuliza ni hilo: mmeifunza kwa ugonjwa wa watu, au kwa risiti zao?

MANENO MATAMU

Tuje sasa kwenye hizi za leo, zinazoongea. Wengine wanaziita akili mnemba, mtaani tunasema akili bandia. Nani hajazitumia hapa? Msinyooshe mikono, najua.

Tatizo la hizi ni kinyume cha lile la mashine bubu. Hizi ukiziuliza kwa nini, zinajibu. Zinajibu sana. Zinajibu kama mwanasheria aliyelipwa vizuri. Lakini maelezo yale ndiyo kweli yaliyoiongoza?

Mwaka 2023 watafiti walizitega mashine hizi kwa ujanja wa kijiweni. Waliziuliza maswali ya kuchagua jibu, A au B. Kabla ya swali lenyewe wakaweka mifano, na katika mifano yote wakapanga jibu sahihi liangukie A. Mashine zikanasa. Zikaanza kuelekea A hata pale ambapo A ni kosa. Zilipotakiwa kueleza sababu, kwa kawaida hazikusema "nimechagua A kwa kuwa naona kila jibu ni A". Zilitunga hoja nzuri, zenye hatua, za kuitetea A. Kama yule mwanafunzi aliyepewa mtihani usiku, asubuhi anakuonyesha alivyokokotoa.

Wanasiasa tunaufahamu mchezo huo. Uamuzi unafanywa chumbani, sababu zinatafutwa barazani. Nami nisiwe mnafiki: hata upande wetu wa upinzani tumewahi kuletewa na viongozi wetu sababu tamu za mambo machungu, tukapiga makofi.

Na binadamu ni dhaifu mbele ya maneno matamu. Katikati ya miaka ya 1960 Joseph Weizenbaum wa chuo cha MIT alitengeneza programu iitwayo ELIZA, iliyojifanya daktari wa akili. Haikuelewa chochote, ilichukua maneno yako ikayageuza swali. Ukisema "namwogopa baba", inasema "nieleze zaidi juu ya baba yako". Basi katibu muhtasi wake, aliyekuwa ameiona ikitengenezwa, alianza kuongea nayo, na baada ya muda mfupi akamwomba Weizenbaum atoke chumbani awaache wawili peke yao! Bwana yule alishtuka mno, miaka yake iliyofuata akaitumia kuwaonya watu.

Mtasema hao ni makatibu muhtasi, madaktari hawawezi kudanganywa. Desemba 2023 ulichapishwa utafiti wa Marekani uliohusu wahudumu wa afya 457, madaktari wakiwemo. Walipewa wagonjwa wa kuandikwa, wenye shida kubwa ya kupumua, waseme ugonjwa ni nini. Peke yao walipatia asilimia 73. Wakapewa ushauri wa mashine iliyopotoshwa makusudi, usahihi wao ukashuka kwa pointi 11.3. Kisha mashine ile ile ikawekewa maelezo, picha ya kifua imepakwa rangi kuonyesha ilipotazama, ili daktari agundue kwamba inatazama mahali pa kipuuzi. Haikusaidia kwa kiasi cha kutegemewa. Wengi wakafuata tu.

Basi ndugu zangu, nilipokuwa nawaandalia mazungumzo haya nilifika hapa nikakaa kimya. Nilikuwa nimekuja kuwaambia dai letu ni mashine zieleze. Nikaona halitoshi. Maelezo asiyeweza kuyahakiki mtu ni kanda tu ya muziki. Ili "kwa nini" iwe na maana, jibu lake lazima lipimwe kwa kitu kingine kilicho nje ya mashine, na aliyeuliza awe na muda wa kulipima na madaraka ya kusema hapana. Kikikosekana kimoja, tunachezewa danganya toto.

YA HAPA KWETU

Na hayo yanawezekana, tena bila kuvuka bahari.

Jirani zetu Nairobi, mwaka 2025, zahanati 15 za Penda Health zilijaribu mashine ya namna hiyo pamoja na kampuni ya OpenAI. Mhudumu anaandika habari za mgonjwa kama kawaida, mashine inasoma pembeni. Ikiona sawa inawasha kijani na kunyamaza. Ikiwa na wasiwasi inawasha njano. Ikiona hatari inawasha nyekundu, naye hana budi kusoma maelezo yake kabla ya kuendelea. Lakini mwenye kauli ya mwisho ni yeye. Katika ziara za wagonjwa 39,849, waliokuwa na mashine walifanya makosa machache zaidi, asilimia 16 pungufu kwa kutambua ugonjwa na asilimia 13 kwa matibabu, ukilinganisha na wasio nayo. Nawaambieni pia kwamba mwenye mashine alikuwamo ndani ya utafiti huo, kwa hiyo tusubiri na wengine wapime. Ila mtindo wenyewe naupenda: mashine haimwamulii mtu, inamshika bega na kumwuliza, una hakika?

La pili ni la hapa hapa Tanzania, na nina hakika wengi wenu hamjawahi kulisikia. Sisi tunajua ya Marekani yote, ya Mbeya hatuyajui. Katika mikoa ya Mbeya na Morogoro, Taasisi ya Afya ya Ifakara na NIMR, pamoja na wenzao wa Uswisi, waliweka kompyuta bapa mikononi mwa wahudumu wa zahanati na vituo vya afya wanaotibu watoto. Programu inaitwa ePOCT+. Hii haitungi maneno. Inamwongoza mhudumu swali kwa swali: mtoto ana homa siku ngapi, anapumua mara ngapi kwa dakika, kipimo kinasema nini. Njia yake yote imeandikwa na watu, kama ile MYCIN. Daktari yeyote anaweza kuifungua akaona tawi hili limetokana na tawi lile, akabisha.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2024. Kwenye vituo 20 vilivyoendelea na kazi kama kawaida, watoto walioandikiwa antibaotiki walikuwa asilimia 70.1. Kwenye vituo 20 vyenye programu hiyo, asilimia 23.2. Na watoto hao hawakuonekana kupata nafuu kwa uchache kuliko wale walioandikiwa dawa kwa wingi. Yaani antibaotiki nyingi tunazowanywesha watoto wetu hazina kazi isipokuwa kuwafundisha vijidudu ukaidi. Ukaidi huo ndio unaomkuta yule kijana wetu wa chooni akikua.

Mwajua kwa nini nesi wa kituo cha mbali alithubutu kumwambia mama "mwanao hahitaji dawa hiyo"? Nadhani ni kwa sababu alikuwa na sababu mkononi, hatua kwa hatua. Mama aliyetembea saa tatu hakubali kuondoka mikono mitupu kwa sababu tu kompyuta imesema.

NANI ATAITWA?

Namalizia na siasa, maana bila siasa mtasema nimelipwa.

Daktari anayenijibu "nenda dirisha la dawa" ana jina. Akiniua kwa uzembe, ndugu zangu wanaweza kumpeleka kwenye Baraza la Madaktari au mahakamani. Hata kama tunajua njia hiyo ina miiba, njia ipo. Je, mashine? Ataitwa aliyeitengeneza ng'ambo, wizara iliyoinunua, au nesi aliyeifuata? Nabashiri kwamba tusipoliweka wazi mapema, ataitwa nesi. Mdogo ndiye huitwa siku zote.

Kuna mwanzo fulani wa sheria. Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inampa mtu haki ya kutaka uamuzi unaomgusa sana usifanywe na mashine peke yake. Wakenya wana kifungu cha namna hiyo katika sheria yao ya mwaka 2019. Na Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2021 liliweka kanuni sita za akili mnemba katika afya, mojawapo ikiwa ni kwamba mifumo hiyo iwe wazi na ielezeke. Lakini haki iliyo kwenye kitabu ni kama kuku aliye sokoni. Mpaka uende ukamdai.

Mwaka 1992 vyama vingi viliporudi nchini, kiini cha madai kilikuwa nini? Si bendera. Ilikuwa raia aweze kumwuliza mkubwa "kwa nini" na mkubwa alazimike kujibu, na jibu lisiporidhisha raia awe na la kufanya. Mashine inayoshauri juu ya mwili wako nayo ni mkubwa. Kwa hiyo serikali ikinunua mfumo wowote wa namna hii kwa hospitali za umma, tudai mkataba uonekane, tudai upimwe kwa wagonjwa wa hapa na si wa California tu, tudai maelezo yake yatoke kwa Kiswahili ambacho mama anakielewa. Na mwajiri akimpa nesi mashine, ampe pia dakika za kubishana nayo. Foleni ya watu mia haina nafasi ya "kwa nini".

Kwenu vijana, kwa leo usiku. Ukiiuliza simu, usiishie kwenye dawa. Iulize imetegemea mwongozo gani, wa mwaka gani. Iulize ni habari ipi juu yako ambayo ingebadilisha jibu. Iulize ni dalili gani ukiziona uache simu ukimbie hospitali. Kisha maelezo hayo, si jina la dawa, yachukue uende nayo kwa mhudumu mwenye kipimo mkononi. Mkikubaliana, vema. Msipokubaliana, mwulize yeye pia kwa nini. Na tafadhali, dozi ni dozi, si vidonge vinne.

Ndugu Mwenyekiti, naona wewe watazama saa. Nakaa. Ila yule kijana mwenye kofia nyekundu pale dirishani ameinua mkono tangu nilipotaja duka la dawa. Mpe yeye aanze.